Maisha ya Alexander von Humboldt, Aliyepima Mlima na Mimea Yake

Katika kitabu hiki cha yubilei mmekwisha kusoma habari za watu waliotutangulia, waliojenga makanisa na shule, nao sasa wamelala makaburini mwetu. Hapa twataka kuwasimulia habari za mtu wa mbali, ambaye hakukanyaga nchi yetu wala hakuuona mlima Kilimanjaro kwa macho yake. Walakini twaona yafaa jina lake lijulikane kwetu, kwa sababu yeye alifundisha watu kuusoma mlima kama mtu asomavyo kitabu, mstari kwa mstari, toka chini hata juu.

Sisi tuliozaliwa miteremkoni twajua tangu utoto ya kuwa mlima si kitu kimoja. Chini ni nyika yenye joto na miti ya miiba. Ukipanda, wafika kwenye vihamba vya migomba na kahawa. Kisha waingia msitu mkubwa wenye ukungu na makangaga. Baada ya msitu ni vichaka na majani magumu. Baada ya hayo ni mawe na mchanga, na mwisho ni barafu. Kila mahali pana ndege wake, wadudu wake na miti yake. Tuliyaona hayo siku zote tusiulize sababu. Mtu huyu ndiye aliyeuliza, naye akatumia miaka mingi, na fedha yake yote, kutafuta jibu.

Alexander von Humboldt alizaliwa Berlin, mji mkuu wa ufalme wa Prussia katika Ujerumani, siku ya 14 Septemba 1769. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi, akafa mwaka 1779 mtoto akiwa hajatimiza miaka 10. Mama yake alikuwa mwenye mali, tena mkali. Alitaka wanawe wawili wawe wakubwa wa serikali. Mkubwa, Wilhelm, alishika masomo upesi, na baadaye akawa bingwa wa elimu ya lugha. Alexander alikuwa mdhaifu wa mwili, na masomo ya ndani yalimchosha. Alipenda kutoka nje kuokota majani, wadudu na mawe, hata watu wa nyumbani wakamtania kuwa ni muuza dawa mdogo.

Alipokuwa kijana alijifunza habari za mimea, kisha akaingia chuo cha migodi huko Freiberg, na mwaka 1792 serikali ikamtia kazi ya kusimamia migodi. Hapo ilionekana tabia yake. Aliona wachimbaji wakifa kwa hewa mbaya, akabuni taa isiyozimika upesi na chombo cha kuwasaidia kuvuta pumzi, naye akavijaribu mwenyewe shimoni. Tena mwaka 1793 akawafungulia wachimbaji shule kwa fedha yake mwenyewe, kwa kuwa aliona si haki mtu kufanya kazi ya hatari pasipo kuielewa.

Mama yake alipofariki mwaka 1796, Alexander alirithi mali nyingi. Mara akaacha kazi ya serikali. Wengine wangalijenga nyumba kubwa, lakini yeye alinunua vyombo vya kupimia: vya joto, vya uzito wa hewa, vya unyevu, vya nyota, na hata kimoja cha kupima ubuluu wa mbingu. Akapata rafiki, tabibu Mfaransa jina lake Aimé Bonpland, aliyejua sana mimea. Wakaenda Hispania, na mwaka 1799 mfalme Carlos wa Nne akawapa ruhusa ya kuingia katika nchi zake za Amerika ya Kusini, nchi ambazo wageni walizuiliwa kwa kawaida.

Wakatweka siku ya 5 Juni 1799. Njiani walishuka katika kisiwa cha Tenerife, wakapanda mlima wake wa moto. Huko Humboldt aliona mimea imepangwa kama ngazi: chini mizabibu, juu yake miti ya majani mapana, kisha misonobari, kisha vichaka vikavu, kisha mawe. Akaliweka jambo hilo moyoni. Baadaye homa ikazuka chomboni, nao wakashuka Cumaná, katika nchi iitwayo leo Venezuela, siku ya 16 Julai.

Huko kitu cha kwanza kilichomhuzunisha kilikuwa karibu na mlango wake. Nyumba aliyopanga ilitazamana na uwanja ambapo watu wa Afrika waliuzwa. Aliona vijana wakipakwa mafuta ya nazi ili ngozi zao zing'ae, na wanunuzi wakiwafungua vinywa kutazama meno, kama watu wanunuao farasi. Hakulisahau jambo hilo mpaka kufa kwake; tutalirudia mbele.

Basi wakaanza safari za bara. Mtu wa kwanza wa nchi ile kuwa rafiki yao alikuwa Carlos del Pino, wa kabila la Waguaiquerí, waliyemkuta baharini katika mtumbwi wake. Akafuatana nao muda wa miezi 16, akiwaonyesha njia na majina ya vitu. Mwezi wa Septemba walifika misheni ya Wakapuchini huko Caripe, wakapokewa vizuri, wakaongozwa katika pango kubwa wakaamo ndege wa usiku kwa maelfu, ambao wenyeji walikamua mafuta katika makinda yao.

Mwezi wa Februari 1800 walifika ziwa la Valencia. Wakulima wa huko walikuwa na wasiwasi, kwani maji ya ziwa yalipungua mwaka kwa mwaka, wala hawakujua yanakokwenda. Wengine walidhani pana shimo chini ya ziwa. Humboldt akapima, akauliza wazee, akatazama vilima vilivyozunguka. Akaona vilima vimekatwa miti, na vijito vimegeuzwa kwenda kumwagilia mashamba ya nili na pamba. Akaeleza ya kuwa miti hutia kivuli, huhifadhi unyevu, na hushika udongo. Ikikatwa, mvua hushuka kwa nguvu ikibeba udongo, na wakati wa kiangazi chemchemi hukauka. Wasomaji, sisi tunaoishi kwa mifereji ishukayo kutoka msituni hatuhitaji kuelezwa zaidi. Wazee wetu walilijua jambo hili kwa mifereji yao. Yeye alilithibitisha kwa vipimo.

Kutoka hapo wakapita mbuga pana ziitwazo Llanos, mahali pa jua kali na majani makavu. Katikati ya ukame ule walikuta mitende iitwayo moriche. Humboldt akaona ya kuwa mtende ule mmoja ni kama baba wa nyumba kubwa: chini yake udongo hubaki na unyevu, wadudu na mimea midogo hukaa hapo, ndege na wanyama hula matunda yake, na watu hupata chakula, kamba na nguo. Akajifunza ya kuwa kiumbe mmoja akiondoka, wengi humfuata.

Ndipo wakaingia mto Orinoco katika mtumbwi, wakasafiri siku 75. Mvua iliwanyeshea, mbu waliwauma usiku na mchana, chakula kikawa haba. Padre Bernardo Zea, mmisionari Mfransisko aliyekuwa mgonjwa wa homa, alifuatana nao kuwasaidia, na wapiga kasia wenyeji waliwavusha katika maporomoko. Shida ya safari ile ilikuwa na shabaha. Wenyeji na mapadre wa huko walijua zamani ya kuwa uko mto, jina lake Casiquiare, uunganishao maji ya Orinoco na maji ya Amazon. Wasomi wengine wa Ulaya walikataa, wakisema hauwezi kuwapo. Humboldt akaupita na kuupima. Hapo twakumbuka habari ya mmisionari Johannes Rebmann, aliyeona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848 akiongozwa na watu wa huku. Naye wasomi wa London walimkatalia miaka mingi. Mara nyingi mwenyeji hujua, naye mtu wa mbali hungoja kipimo.

Katika msitu wa Orinoco Humboldt aliona jambo kubwa. Katika misitu ya baridi ya kwao, mtu aweza kutembea mchana kutwa akiona mti wa namna moja tu, msonobari kwa msonobari. Lakini katika msitu wa joto na mvua, kila mti una jirani wa namna nyingine, na juu ya kila mti mmeota mimea mingine tena. Basi wingi wa namna za viumbe haukutawanywa ovyo duniani. Penye joto na mvua ya mwaka mzima namna ni nyingi mno; penye baridi kali au ukame ni chache, nazo zimejifunza kuvumilia. Wataalamu wa siku hizi huviita biomu vile vikundi vikubwa vya mahali na viumbe vyake: msitu wa mvua, mbuga ya majani, jangwa, na nyanda za baridi. Neno hilo halikuwapo siku za Humboldt, lakini yeye ni mmoja wa walioweka msingi wake.

Twapaswa kusema pia ya kuwa hakuficha mabaya aliyoyaona. Alishukuru mapadre kwa ukarimu wao, walakini aliandika wazi ya kuwa katika misheni nyingine za mto ule wenyeji walitekwa msituni kwa nguvu na kutenganishwa na watoto wao. Twaliandika hili katika kitabu cha yubilei kwa kuwa furaha isiyokumbuka makosa haina mizizi.

Baada ya kukaa kisiwani Cuba walirudi bara, wakapanda mto Magdalena mpaka Bogotá mwaka 1801. Huko walimkuta José Celestino Mutis, padre mzee aliyekuwa bingwa wa mimea, mwenye wachoraji wengi waliofanya kazi ya kuchora maua ya nchi ile. Humboldt akakaa kwake kama mwanafunzi. Mwisho wa mwaka ule akakutana na Francisco José de Caldas, mwenyeji wa nchi, mtu maskini wa vyombo lakini tajiri wa akili. Caldas alikuwa amevumbua kwa nafsi yake njia ya kupima kimo cha milima kwa maji yachemkayo, naye pia alikuwa akiandika ni kimo gani kila mmea huota. Akaomba sana afuatane na Humboldt. Humboldt akakataa, akamchukua kijana mwingine, Carlos Montúfar, mtoto wa mkuu mmoja wa Quito. Caldas alisikitika sana. Hatumhukumu Humboldt, walakini twalitaja jambo hili, kwa sababu elimu ya mimea ya milimani haikuwa ya mtu mmoja, wala haikutoka Ulaya peke yake.

Mwaka 1802 walikaa Quito, wakapanda milima mingi ya moto. Mwezi wa Machi walipanda Antisana. Siku ya 23 Juni walipanda Chimborazo, mlima wenye kimo cha mita 6,263, ambao siku zile ulidhaniwa kuwa mrefu kuliko yote duniani. Wachukuzi karibu wote waliwaacha walipofika penye theluji. Wakabaki Humboldt, Bonpland, Montúfar na mwenyeji mmoja. Ukungu uliwafunika, mawe makali yaliwakata mikono, viatu vyao vikalowa, ufizi ukawatoka damu kwa wepesi wa hewa. Kila walipopanda kiasi, walisimama wakapima joto na uzito wa hewa. Mmea wa mwisho walioupata ni ukoga ule ushikao mawe. Mwisho bonde refu la theluji likawazuia, wakarudi bila kufika kileleni. Lakini hakuna mtu aliyeandika kabla yao ya kuwa amefika juu kiasi kile.

Kutoka huko wakaenda Peru, Meksiko na Marekani, wakarudi Ulaya mwaka 1804 na mimea ya namna 6,000 hivi. Mwaka 1807 Humboldt akatoa kitabu kidogo juu ya jiografia ya mimea, pamoja na picha kubwa. Picha ile yaonyesha Chimborazo umekatwa katikati kama mkate. Na ndani ya mlima, mahali pa udongo, yameandikwa majina ya mimea, kila jina kwa kimo chake: chini mitende na migomba, juu yake makangaga makubwa na miti ya kwinini, kisha miti ya baridi, kisha majani, kisha ukoga wa mawe, kisha theluji. Pembeni yameandikwa joto, hewa na mazao ya watu. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuona kwa jicho moja ya kuwa kupanda mlima wa ikweta ni kama kusafiri kutoka nchi ya joto hata ncha ya dunia. Mwaka 1817 akachora pia mistari iunganishayo mahali penye joto sawa duniani, na mistari ya namna hiyo yatumika hata leo.

Aliishi Paris miaka mingi akiandika, mpaka urithi wake wote ukaisha kwa gharama za safari na za vitabu. Akalazimika kurudi Berlin kumtumikia mfalme. Mwaka 1829, alipotimiza miaka 60, alisafiri katika Siberia kwa gharama ya mtawala wa Urusi. Kuanzia mwaka 1845 alitoa kitabu chake kikubwa kiitwacho Kosmos, juu ya umoja wa vitu vyote vya ulimwengu. Alisaidia vijana wengi wenye elimu na wasio na fedha. Charles Darwin alichukua kitabu cha safari zake alipopanda marikebu mwaka 1831.

Na ule uwanja wa Cumaná hakuusahau. Alipoandika juu ya Cuba alilaani utumwa bila kuogopa. Mwaka 1856 kitabu hicho kilitolewa Marekani kwa Kiingereza, na mfasiri akaiondoa sura ya utumwa. Mzee yule wa miaka 86 akapinga hadharani katika magazeti, akisema sura ile aliithamini kuliko nyingine zote. Na mwaka 1857, kwa juhudi yake, Prussia ikaweka sheria ya kuwa mtumwa yeyote akanyagaye udongo wake amekuwa huru. Akafa Berlin siku ya 6 Mei 1859, mwenye miaka 89, akazikwa Tegel alikokulia. Hakuacha fedha, vitu vyake alimwachia mtumishi wake.

Sasa tusikilize yaliyofuata, kwa maana ndiyo yatugusayo. Mwaka 2012 wataalamu walipanda Chimborazo tena, wakakuta mimea imepanda juu mno kupita mahali alipoiandika Humboldt, wakaona ni kwa sababu ya dunia kuzidi joto. Lakini wataalamu wengine walichungua karatasi zake za zamani, na mwaka 2019 wakatangaza ya kuwa vipimo vingi vya mimea ya juu alivyoviandika katika picha ya Chimborazo vilichukuliwa hasa katika mlima Antisana. Alikusanya habari za milima mbalimbali, akazitia katika picha moja. Ndipo wakaenda Antisana kulinganisha, wakaona mimea imepanda kweli, kiasi cha mita 215 mpaka 266. Basi neno kubwa la Humboldt lilisimama, na kosa lake dogo likasahihishwa. Kama asingaliandika, tusingalijua kitu. Na kama angaliandika kila kipimo mahali pake hasa, wajukuu wasingalipotea njia.

Na mlima wetu nao wasema habari ile ile. Katika nyanda za juu za Andes huota mimea mirefu yenye shina nene lililofunikwa majani makavu, na kichwa cha majani kama kabichi. Juu ya Kilimanjaro nasi tunayo inayofanana nayo sana. Haikutoka kwa mzazi mmoja wa karibu, wala mbegu haikuvuka bahari kutoka huko. Mahali pa namna moja, penye jua kali mchana na baridi ya kugandisha usiku, pamelea watoto wa mbari mbalimbali kwa sura moja. Lakini mipaka ya mlima wetu yahama. Tangu mwaka 1912 zaidi ya robo tatu ya barafu yake imekwisha, na mioto ya nyakati za ukame imeuteketeza msitu wa juu, hata mpaka wake umeshuka. Mahali pakibadilika, wakaao mahali pale hubadilika au hupotea; na mifereji yetu yategemea msitu ule.

Kwa hiyo twawaomba walimu na wazazi neno moja. Wapelekeni watoto mpaka ukingo wa msitu ulio karibu nanyi. Waandike mti wa mwisho ni upi, umesimama wapi, ndege gani wako, na kijito kina maji kiasi gani. Waandike siku na mwaka, na mahali hasa waliposimama. Daftari hilo litunzwe pamoja na vitabu vya shule. Watakaosherehekea yubilei ijayo watalifungua, watapanda mpaka mahali pale pale, nao watajua kilichohama.